Daftari la Mpera

Nina madaftari mawili.
Moja liko butikini, chini ya miche ya sabuni:
Masika, sukari nusu kilo.
Paluku wa chukudu, betri mbili na kiberiti, tangu Pasaka.

La pili ni la mpera.
Naliandikia huku nyuma, juu ya ndoo niliyoipindua,
saa kumi na mbili na robo, kabla makaa hayajashika,
mlima bado umejitanda moshi wake
na mawe meusi ya ukuta yanatoa baridi ya usiku.

Kuzumburu, sita. Kila siku sita.
Huja kama jamaa waliohama bila kuaga mwenye nyumba,
mikia mirefu, manyoya rangi ya gunia,
wananing'inia miguu ikiwa usawa wa mabega
kama watoto kwenye lango la shule.
Hawachagui. Bivu, bichi, lenye funza,
midomo inatafuna tu.
Andika: mapera manne, na majani.

Shorwe, wawili.
Kofia nyeusi, kiraka cha manjano nyuma ya suruali.
Huyu hutoboa pera upande wa jua,
tundu la ukubwa wa kifungo,
halafu analiacha, anahamia jingine,
kama yule mama anayeonja karanga za kila meza
akatoka sokoni na kikapu kitupu.
Andika: saba. Yote hayauziki.

Chozi hali pera.
Hilo nililijua mwezi wa pili wa kuandika.
Yeye ni wa maua, na wa buibui chini ya majani.
Deni lake sifuri.
Nimemwandika hata hivyo, kwa kuwa alikuja,
na kijani cha kichwa chake
kilinisahaulisha uji ukamwagika jikoni.

Kunguru: kandambili moja. Ilimkosa.

Kavira aliniuliza, mama, hawa watalipa nini?
Nikamwambia akamwage maji ya sombe.
Akaenda. Swali halikwenda.

Mti huu sikuupanda.
Mwaka ule moto uliposhuka barabarani kama mtu mwenye haraka,
ulikula nyumba, choo, cherehani ya mama,
tukarudi kusimama juu ya jiwe
lililokuwa bado linachoma nyayo.
Udongo wa kujaza kijiko haukuwepo.
Ikapita miaka, tumejenga mbao juu ya lile jiwe,
ndipo ufa mmoja nyuma ya choo ukatoa jani.
Kaka yangu Muhindo alisema ni gugu,
akavuta, akavuta tena, akakaa chini anacheka.
Muhindo sasa yuko Butembo.
Gugu limefika juu ya bati.

Nani huenda shambani kwenye jiwe, na mbegu ya pera mkononi?

Jana nilifungua ukurasa wa kwanza,
ule niliouacha mweupe kwa ajili ya jina la daftari.
Nikaandika jina langu.
Nikaandika: mbegu moja,
na mavi kidogo ya kuifunika.
Nikatafuta bei. Sikuijua.
Nikapiga mstari chini yake, kama ninavyowapigia wengine.

Usiku vilisikika vishindo upande wa Sake.
Mbao zilitetemeka, sufuria zikaongea zenyewe kwenye rafu.
Leo butiki sikufungua.
Shorwe alifika mapema, mwenyewe, hakutoboa kitu.
Kuzumburu, watano.

Nikahesabu tena kuanzia kulia.
Watano.

Nimekaa hapa mpaka makaa yakawa majivu na Kavira akaja kuuliza chai.
Kule juu kabisa, mahali fimbo inapofika kwa taabu,
kuna pera moja limeiva mpaka linanukia huku chini.
Nimemkataza asiliguse.
Mstari wa sita nimeuacha wazi.